Klipu ya vita ikiingia kwenye grupu: mwongozo kamili kwa maadmini, wajumbe na viongozi wa dini wa Arusha na Moshi

Saa 2:40 usiku, grupu la mtaa linapokea klipu ya sekunde 38. Mistari ya moto inakatiza angani, mtu anapiga kelele kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa, na juu ya picha yamebandikwa maandishi ya Kiswahili: GAZA USIKU HUU, NA WENZETU HAPA WANACHEKELEA. Kufika saa 3:00 klipu imeshapata majibu 60. Yale ya mwisho hayaitaji Gaza kabisa. Yanamtaja fundi cherehani wa pale kona na kanisa analosali.

Mfano huo tumeutunga, ila mwenendo wake ni ule ule, vita iwe ya Ukraine, Sudan, Gaza au mashariki mwa Kongo. Anayetengeneza uongo wa vita kwa kawaida hana habari na Ngarenaro wala na Majengo ya Moshi. Anataka watazamaji, hasira na kusambazwa. Kinachobaki kwetu ni cha aina nyingine: mteja anahama duka, mama mmoja anaacha kuja kwenye kikoba, vijana wa kijiwe wanagawana mabenchi. Kwa hiyo kazi yako wewe admini, mjumbe au kiongozi wa dini si kuamua nani ana haki kule. Kazi yako ni kuizuia vita ya kule isipewe anwani ya huku.

Anza na sentensi ya daraja

Kabla ya kuuliza kama klipu ni ya kweli, isome ukitafuta jambo moja tu: kuna neno linaloivusha kutoka kule kuja hapa? Tuliite daraja. "Wamepiga hospitali" ni habari, iwe ya kweli au ya uongo. "Wamepiga hospitali, na ndugu zao tunao hapa hapa Kaloleni" ni daraja.

Madaraja yana ngazi. La chini ni "wenzetu" na "wao". La kati linaomba kitendo: msinunue kwao, msiwapangishe, mtoe mtoto kwenye shule ile. La juu lina jina, mahali au saa, na hilo ndilo la kuogopwa. Oktoba 29, 2023, huko Makhachkala, Dagestan, nchini Urusi, mamia ya watu walivamia uwanja wa ndege wakiwasaka Wayahudi waliokuwa kwenye ndege iliyotoka Tel Aviv. Waliingia hadi kwenye njia ya kurukia na kukagua pasipoti za abiria. Chaneli za Telegram zilikuwa zimewaambia kwamba wakimbizi kutoka Israeli wanaletwa kukaa kwao, na zikataja ndege. Vita ilikuwa Gaza. Walioumia walikuwa Dagestan.

Wakazi wa Arusha hawana haja ya kwenda mbali kuielewa ngazi hiyo. Desemba 3, 2003, kwenye jengo la AICC hapa mjini, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, iliwatia hatiani watu watatu wa redio RTLM na gazeti la Kangura. Redio ile haikuishia kwenye matusi ya jumla. Ilifika mahali pa kusoma majina ya watu na namba za magari. (Rufaa ya Novemba 28, 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu zao, lakini haikuwaachia huru.)

Daraja pia linaweza kuwa picha tupu isiyo na neno. Mwishoni mwa Oktoba 2023 kuta za majengo kadhaa ya Paris na vitongoji vyake zilikutwa zimechorwa nyota za Daudi, alama ya Wayahudi. Wafaransa wakaanza kutazamana: Waislamu wamefanya, au nani? Waliokamatwa wakichora walikuwa raia wa Moldova, na serikali ya Ufaransa ikasema akaunti bandia 1,095 za mtandao wenye uhusiano na Urusi ndizo zilizozisukuma picha hizo, kwa machapisho 2,589. Rangi ya kupuliza ni bei rahisi. Kazi kubwa iliyobaki waliifanya wasambazaji.

Sasa kanuni. Daraja likiwa na jina la mtu, nyumba, duka, lodge walipofikia wageni, au saa ya kukutana, usipoteze muda kukagua picha. Fanya hivi kwa mpangilio huu:

1. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya aliyetuma, saa na maneno yote. Ukifuta kwanza, umefuta ushahidi.
2. Ondoa ujumbe kwa mamlaka ya admini.
3. Mpigie simu anayetajwa. Asilisikie jambo hili kwa mtu mwingine.
4. Mpigie mwenyekiti wa mtaa, na ukiona watu wanajikusanya piga 112.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa aibu. Watu wanaona ni heri jirani asijue. Atajua tu, tena atajua pia kwamba ninyi mlijua mkanyamaza.

Dakika kumi za kwanza, kama hakuna jina

Tazama mishale juu ya ujumbe. Mishale miwili maana yake WhatsApp imeona ujumbe huo umepita mikono mitano au zaidi, na ukishafika hapo hauwezi kutumwa zaidi ya sehemu moja kwa wakati. Ukiuona ndani ya magrupu manne kwa jioni moja, ujue wapo watu wanausukuma kwa bidii. Ila usiuamini mshale kupita kiasi: mtu akiihifadhi klipu kwenye simu kisha akaipandisha upya, mishale inapotea na klipu inaonekana kama kaipiga yeye.

Halafu weka grupu kwenye hali ya maadmini pekee kuandika. Nusu saa inatosha, saa moja ndiyo mwisho, na utaje saa ya kufungua: "Tunafunga hadi 3:30 tuangalie hii klipu, tunarudi." Kosa la kawaida ni kufunga hadi asubuhi. Kufika asubuhi kunakuwa na grupu la pili, lisilo na admini mwenye busara wala mtu wa upande wa pili, na uvumi wote umehamia huko.

Kisha mwandikie aliyeiweka, pembeni, si mbele za watu. Akiwa mtu mzima, heshima kwanza:

"Shikamoo baba. Samahani kwa usiku huu. Ile klipu ya saa 2:40 bado tunaiangalia, na maneno ya juu yake yameanza kuwagombanisha watu. Naomba uifute mwenyewe: bonyeza ushikilie, halafu chagua kufuta kwa wote. Tukipata ukweli wake nitakuletea wewe kwanza."

Mwache afute mwenyewe hata kama wewe una uwezo huo. Aliyefuta kwa mkono wake kesho anakuwa upande wako. Aliyefutiwa anatafuta pa kuituma tena. WhatsApp inampa aliyetuma takribani siku 2 za kufuta kwa wote. Kumbuka simu nyingi zinahifadhi video zenyewe, kwa hiyo klipu imeshaingia kwenye gala za watu. Waombe waitoe na huko, la sivyo kesho mtaikuta kwenye stetasi.

Kuikagua klipu

Hapa ndipo penye kazi. Dakika 15 na simu ya kawaida vinatosha kwa klipu nyingi, kwa sababu wengi wa hawa watu hawatengenezi kitu kipya. Wanachukua klipu ya zamani na kuibandika jina la vita ya leo.

Itazame mara ya kwanza bila sauti. Sauti ndiyo inayotia hofu, na ndiyo rahisi kubadilishwa. Bila kelele utaona vitu vingine: watu waliosimama kwa utulivu kandokando, nguo za msimu usio wenyewe, kibao cha duka, namba ya gari. Mara ya pili sikiliza bila kutazama. Kilio kile kile kikijirudia kila baada ya sekunde chache, kimebandikwa.

Simamisha video sehemu tatu: mwanzoni, panapoonekana jengo au kibao, na katikati ya tukio. Piga picha ya skrini kila mara, kisha ukate maandishi ya Kiswahili yaliyobandikwa juu. Usipoyakata, mashine itatafuta maneno badala ya mahali. Zipeleke Google Lens kwanza. Kama hupati kitu, jaribu TinEye na uchague matokeo ya zamani zaidi yaje juu, halafu Yandex, ambayo ina macho mazuri kwa picha za Urusi na Ukraine. Unatafuta tarehe tu. Picha ikiwa ilikuwepo mtandaoni mwaka 2014 haiwezi kuwa ya jana usiku, basi, ubishi umekwisha. Lakini kinyume chake si kweli: kutoipata hakuthibitishi kwamba ni mpya. Watu wengi huteleza hapa.

Klipu za usiku zitilie shaka ya ziada. Mchezo wa kompyuta wa Arma 3 umetumiwa mno kama vita vya kweli, kiasi kwamba Novemba 2022 watengenezaji wake, Bohemia Interactive, walitoa maelezo ya namna ya kuitambua. Dalili zake: picha hafifu na inayotikisika, giza, mara nyingi haina sauti, hakuna watu wanaotembea, na moshi au vumbi lenye mwendo usio wa kawaida. Hata rubani maarufu wa mwanzo wa vita ya Ukraine, aliyeitwa Mzimu wa Kyiv, alisindikizwa na klipu iliyotoka kwenye mchezo wa kompyuta wa ndege. Baadaye jeshi la anga la Ukraine lenyewe lilikiri kwamba ni hadithi tu. Tunalitaja kwa makusudi. Kila upande una waongo wake, na admini anayekamata uongo wa upande mmoja tu ataonekana mwenye upande, kwa haki kabisa.

Saa zinahitaji uangalifu wa pekee, maana sisi Waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Habari ya kigeni ikisema saa tisa za usiku kwa hesabu yao, ni saa 3 usiku kwetu. Mfasiri mvivu anaandika "saa 9 usiku", na klipu ya kweli inaonekana ya uongo, au ya uongo inaonekana ya kweli. Ukishageuza hesabu, linganisha na jua. Ukraine, Israeli na Palestina ziko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa baridi yao na sawa nasi wakati wa kiangazi chao. Khartoum na Goma ziko nyuma kwa saa moja mwaka mzima. Kyiv mwezi Juni jua linazama baada ya saa 3 usiku kwa saa zetu. Kwa hiyo klipu yenye giza totoro inayodai ni Kyiv, Juni, saa 2 usiku, haihitaji mtaalamu. Desemba ni kinyume: saa 11 jioni yetu, jua lao limeshazama.

Lugha mpelekee mwenye lugha. Kiarabu, ustadhi wa madrasa atakusaidia, ila mpe klipu iliyokatwa maandishi ili asiongozwe. Kirusi, tafuta mtu aliyesoma Urusi. Kwenye hospitali na vyuo vya mikoa hii hawakosekani. Klipu za Kongo ni ngumu kuliko zote kwa sababu tunadhani tunaelewa. Kiswahili cha Goma na Bukavu kina maneno yanayofanana na yetu yenye maana nyingine, na mtu wa Moshi anasikia nusu, anajaza nusu iliyobaki kwa hofu yake.

Kiongozi akionekana anazungumza, usitegemee kuhesabu vidole au kutazama meno. Akili bandia imeshapita huko. Machi 2022 ilitolewa video bandia ya Rais Zelensky akiwaambia wanajeshi wake waweke silaha chini. Ile ilikuwa mbovu: kichwa hakikukaa vizuri juu ya shingo na sauti ilikuwa nzito kuliko yake. Za leo ni bora zaidi. Njia inayodumu ni kuuliza: je, kauli kubwa hivi imetangazwa na vyombo vinavyochukiana? Rais akisalimu amri, wataandika maadui na marafiki zake ndani ya saa moja.

Kwa kiungo cha tovuti, soma anwani hadi herufi ya mwisho. Mwaka 2022 ulifichuliwa mtandao uliopewa jina Doppelganger, uliokuwa ukinakili kurasa za magazeti kama Der Spiegel, Le Monde na The Guardian, nembo, rangi na kila kitu. Gazeti la kweli ni spiegel.de, bandia ilikuwa spiegel.ltd.

Pitia pia wakaguzi wa habari kama JamiiCheck, Nukta Fakti, PesaCheck na Africa Check, huenda kazi imeshafanywa. Usiwasubiri tu, wao huchukua siku, wewe una nusu saa.

Kuandika jibu

Tumia moja ya hukumu hizi, wala usizidishe: ni ya zamani, si ya pale, haijathibitika. Neno "uongo" liache kama huna tarehe mkononi. Ukisema uongo leo na kesho ikathibitika kweli, umekwisha kama admini.

Anza na ukweli, taja dai mara moja tu, rudi kwenye ukweli: "Klipu ya jana usiku ilirushwa mtandaoni mwaka 2014, nakala yake hii hapa. Si ya wiki hii kama maandishi yalivyodai. Hakuna mtu wa mtaa huu anayehusika nayo." Usiipandishe klipu tena ili kuikanusha. Ikibidi kuonyesha, weka picha moja na uandike SI YA SASA kukatiza katikati, si pembeni, maana pembeni hukatwa.

Chanzo kichague kwa kuwafikiria wasomaji. Kwenye grupu lenye mchanganyiko, wapo wasioiamini BBC na wapo wasioiamini Al Jazeera, na kuwabishia juu ya hilo ni kufungua vita ya pili. Ndiyo maana tunasisitiza tarehe ya zamani: kila mtu anaweza kuitafuta kwa simu yake akaiona.

Na klipu ikiwa ya kweli? Hutokea, na ndiyo ngumu kuliko zote. Vita vina maiti za kweli. Usiikanushe, usimwambie aliyeumia moyo kwamba anakuza mambo. Sema ni ya kweli, omba picha za miili na watoto zisiwekwe, kisha ondoa daraja peke yake. Watu wana haki ya kuomboleza watu wa mbali na ya kulaani serikali yoyote. Fundi cherehani hana serikali.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kusambaza taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ijue, ila usiifanye fimbo ya kila siku. Watu wakitishwa wananyamaza kwenye grupu na kuendelea kusema kwingine.

Mafuta, ngano na michango

Vita ya mbali huja pia kama bei, na hapa uongo una tabia ya kujitimiza. "Meli zimezuiwa, jaza tanki leo" inaleta foleni kwenye sheli, foleni inamaliza akiba ya siku, na kesho aliyetuma anaonekana nabii. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kwa Arusha na Kilimanjaro tazama bei za mafuta yanayopokelewa bandari ya Tanga. Bei ya ngano kuguswa na vita ya Ukraine ni kweli, kwa sababu Urusi na Ukraine ni wauzaji wakubwa duniani. Mfanyabiashara wa dini fulani kuficha unga kwa ajili ya vita ni daraja.

Michango kwa namba ya simu ya mtu binafsi: hapana.

Mwenzetu akiwa kule

Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo, wote kutoka ukanda huu wa kaskazini, waliuawa Oktoba 7, 2023. Kifo cha mmoja kilithibitishwa Novemba, cha pili Desemba. Kijana mwingine, aliyekuwa akisoma Urusi, akafungwa, kisha akaingia Wagner, kundi la Kirusi la wapiganaji wa kukodiwa, alikufa Ukraine Oktoba 2022. Wizara ilieleza hadharani Januari 2023. Pengo hilo la wiki na miezi ndilo uvumi unapokaa.

Familia ichague msemaji mmoja, na grupu lipokee kutoka kwake au kutoka Wizara ya Mambo ya Nje tu. Pasiwekwe rambirambi kabla ya uthibitisho, hata kwa nia njema, maana mama anaweza kuwa ndani ya grupu. Kukiwa na klipu inayodaiwa kuwa ya kifo, mtu mmoja asiye wa nyumbani aitazame kwa niaba yao, aseme anachokiona bila kuituma. Na wanaokuja kutoa pole na kuanza kusema "mmeona walivyo hawa watu", wageuzwe mapema kwa upole. Msiba wa Kichaga au wa Kimeru una wazee wa kuifanya kazi hiyo, wanong'onezwe kabla.

Nje ya simu

Asubuhi yake pita mwenyewe kwa aliyeguswa, unywe chai au ununue kitu dukani kwake, watu wakiona. Waombe imamu na mchungaji wa mtaa waseme jambo lile lile, Ijumaa na Jumapili ya wiki hiyo hiyo. Akisema mmoja tu, inaonekana ni upande wake ndio wenye kosa. Wasiirudie klipu kwa maelezo marefu mimbarani, wengi hawajaiona. Kijiweni mtafute dereva bodaboda anayesikilizwa na wenzake na umwonyeshe ile nakala ya zamani kwenye simu yake, atafute mwenyewe kwa kidole chake.

Mwisho weka daftari, la karatasi au la simuni: tarehe, klipu inaonyesha nini, ilidaiwa kuwa wapi, iligundulika ya lini, na kiungo cha nakala ya kwanza. Klipu hizi hurudi. Ile ya Gaza mwaka huu itakuja mwakani ikiitwa Sudan, na mwenye daftari ataimaliza kwa sekunde 30.